Leseni za Programu Huria: Kutoa kwa Sharti au Bila Sharti?

Wengi wetu tukimaliza programu ya mradi wa chuo huiweka kwenye intaneti na kuandika: "Ni ya wote." Maneno hayo hayatoshi. Katika nchi nyingi, kazi isiyo na leseni haki zake zote hubaki kwa mwandishi. Wengine wanaweza kuiona, lakini hawana ruhusa ya kuinakili wala kuibadilisha. Anayetaka kutoa hana budi kusema anatoaje, na hapo waandishi wa programu huria wamegawanyika makundi mawili.

1. Ruhusa pana

Leseni za MIT na BSD zilitokana na vyuo vya Marekani. Zinasema: chukua, badilisha, hata uza, ila hifadhi jina la mwandishi na maneno ya leseni. Aliyeiboresha programu halazimiki kuonyesha alichokibadilisha.

2. Kopilefti

Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na leseni ya GPL ikatoka mwaka 1989. Nayo inaruhusu kubadilisha na kuuza. Lakini ukimpa mtu programu hiyo, lazima apate na msimbo wake, chini ya leseni ile ile. Ukiitumia mwenyewe tu, hudaiwi kitu.

Kwa tunaosoma fiqhi, ya kwanza inakaribia hiba, na ya pili inakaribia wakfu: kila mtu ateke maji kisimani, lakini asikizungushie ukuta. Mfano huu haulingani kila upande, kwani katika leseni zote mbili mwandishi hubaki na hakimiliki yake.

Mifano miwili

Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa na Linux ndani yake, na Linux iko chini ya GPL. Wenye kampuni walipodaiwa msimbo, wakautoa. Kutokana na msimbo huo ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo unatumika katika ruta za aina nyingi.

Mwaka 2017 ikajulikana kwamba Intel imeweka MINIX, mfumo wa Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, ndani ya chipu zake. Leseni yake ni ya BSD, hivyo Intel haikulazimika kumwarifu. Tanenbaum aliandika kwamba ingekuwa adabu njema kumwarifu, lakini hakuijutia leseni yake.

Tuchague ipi?

Wa ruhusa pana husema sharti huwatisha watumiaji, na kazi isiyo na sharti huenea zaidi. Wa kopilefti husema bila sharti, uhuru huishia kwa mchukuaji wa kwanza, na mtumiaji wa mwisho hupewa kitu kilichofungwa. Kila upande una hoja yenye uzito.

Basi kabla ya kuchagua, jiulize: kesho kampuni ikiichukua kazi yangu, ikaifunga na kuiuza, nitaridhika? Ukiridhika, MIT au BSD inakutosha. Usiporidhika, weka sharti leo kwa GPL. Kutoa bila sharti kisha kulalamika ni masimbulizi. Na ukiwa wewe ndiye mchukuaji, isome leseni kwanza, kwa maana kuibadilisha au kuisambaza kazi ya mtu ni kuyakubali masharti yake.