Kabla ya Kununua Kombi Iliyokwisha Tumika

Ndugu mfanyakazi, muuzaji wa Uvira atakuonyesha rangi mpya. Wewe inua zulia. Mto Mulongwe ulifurika mjini Aprili 2020, na gari iliyokunywa maji huficha tope na kutu chini ya viti.

Lakini hatari kubwa ni bomba la moshi. Likitoboka, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu huingia ndani, na watoto waliolala nyuma waweza wasiamke tena. Watu wakiumwa kichwa au kutapika safarini, usikimbilie kusema ni malaria: zima mota, toa wote nje.

Jaribu hivi, mota ikiwa baridi. Iwashe, mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa, kwa kitambo kidogo tu. Ukisikia mlio chini ya sakafu, bomba limetoboka. Mwambie muuzaji alibadili kwanza. Kiraka cha bati na waya usikikubali.