SOMO: KUTAFUTA NAFASI YA MASOMO KWENYE INTANETI



Umemaliza sekondari, uko Nakivale, na unataka kuendelea na chuo kikuu. Unachukua simu, unaandika neno moja tu: "ufadhili". Zinakuja kurasa nyingi mno, nyingi hazikuhusu, na nyingine ni za matapeli. Fuata hatua hizi.

1. Eleza hali yako. Jiulize: mimi ni nani, niko wapi, nataka nini? Kisha andika hayo yote: ufadhili chuo kikuu wakimbizi Uganda. Rudia kwa Kiingereza, kwa sababu vyuo vya Uganda huandika habari zao kwa lugha hiyo. Kama hukijui, omba msaada.

2. Tumia jina la mpango. Kwa mfano, DAFI ni ufadhili wa chuo kikuu kwa wakimbizi. Ulianza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, na unasimamiwa na UNHCR. Jina hilo litakufikisha karibu zaidi kuliko neno "ufadhili".

3. Chagua mahali pa kutafuta. Ukitaka kurasa za UNHCR peke yake, andika kwenye Google: DAFI Uganda site:unhcr.org. Usiache nafasi baada ya nukta mbili.

4. Tazama anayesema ni nani, na tarehe aliyoandika. Baadhi ya kurasa za juu ni matangazo yaliyolipiwa. Kuwa juu si kuwa kweli. Huduma za UNHCR ni bure. Anayekudai pesa ili akupatie fomu au nafasi ni tapeli. Usimpe pesa wala namba ya faili yako.

5. Uwe mwangalifu na simu ya kuazima. Google huweza kupanga majibu kufuata mahali simu ilipo na mambo yaliyotafutwa zamani. Kwa hiyo unaweza kuletewa yanayomfaa mwenye simu, naye akaona uliyoyatafuta wewe. Futa kumbukumbu zako kabla ya kuirudisha.

ZOEZI: Tafuta habari za DAFI kwa hatua ya 1, kisha kwa hatua ya 3. Linganisha majibu. Andika kwenye daftari masharti na tarehe ya mwisho ya kuomba, kisha uyahakikishe ofisini kabla ya kutuma maombi.

KUMBUKA: Swali lililo wazi huleta jibu linalokufaa.