Uchaguzi wa Vifaa Kinga kwa Mchimbaji Anayeshuka Duarani

Mtalii anayejiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro hukabidhiwa orodha ndefu ya vifaa kabla hajaondoka Moshi: viatu, taa ya kichwa, kamba za mizigo, nguo za kuzuia baridi. Mchimbaji mdogo wa Rwamagasa, Nyarugusu au Kakola hushuka makumi ya mita chini ya ardhi, mahali ambapo hewa ni haba na mwamba hauaminiki, na mara nyingi hakuna aliyempa orodha yoyote. Hununua kile alichoona mwenzake amevaa. Aghalabu huanza na gambuti, kisha tochi ya kichwani, kisha kofia ngumu fedha ikiruhusu. Vyote hivyo ni vya lazima. Hata hivyo, vinamkinga dhidi ya hatari anazoziona, ilhali ile itakayomfikisha katika kliniki ya kifua miaka kadhaa baadaye haionekani kwa macho. Kwa sababu hiyo somo hili linaanza na pumzi.

Dhahabu ya ukanda wa Geita na Kahama kwa sehemu kubwa hupatikana ndani ya miamba yenye madini ya kwatzi, na kwatzi ni silika. Mwamba unapochorongwa, kulipuliwa kwa baruti au kusagwa kwenye karasha, hutoa vumbi la ukubwa wa kila namna. Lile linalotanda kwenye kope na nywele ni kubwa. Pua na koo hulikamata. Linaloua ni lile lenye kipenyo kisichozidi mikromita chache, dogo kuliko unene wa unywele zaidi ya mara kumi, ambalo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Huko seli za kinga hulimeza, nazo hufa kwa kulimeza, na mahali pake hujengeka kovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuuondoa, na huweza kuendelea hata baada ya mgonjwa kuacha kazi. Kwa kuwa seli zilizodhoofishwa ndizo zilizopaswa kupambana na vimelea vya kifua kikuu, mwenye silikosisi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu, na hatari hiyo huongezeka maradufu akiwa pia na VVU.

Utafiti uliofanyika Rwamagasa na kuchapishwa mwaka 2015 ulipima silika katika hewa wanayovuta wachimbaji wadogo. Waliokuwa wakichoronga chini ya ardhi walivuta wastani wa miligramu 16.85 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ni miligramu 0.05. Tofauti hiyo ni mara 337. Juu ya ardhi kipimo kilikuwa 0.19, karibu mara nne ya kiwango hicho. Takwimu hizi ndizo zinazopaswa kuongoza uchaguzi wa barakoa, na hapa ndipo wengi hupotea.

Kitambaa kilicholoweshwa, kanga iliyokunjwa, au barakoa ya hospitali yenye kamba za masikioni haviwezi kuzuia vumbi hili. Nafasi kati ya nyuzi za kitambaa ni kubwa kuliko chembe zenyewe, na barakoa ya hospitali huacha uwazi mashavuni ambamo hewa hupita bila kuchujwa. Barakoa inayofaa ni ile ya kuchuja chembechembe, iliyoandikwa N95, FFP2 au FFP3, yenye mikanda miwili ya kupita nyuma ya kichwa na kipande cha bati cha kubana pua. Baada ya kuivaa, mchimbaji aifunike kwa viganja vyote viwili na kupumua kwa nguvu. Akihisi upepo machoni au mashavuni, haijakaa. Ndevu huivunjia muhuri, hata zile za siku mbili. Haifuliwi. Ikilowa, ikichanika au pumzi ikianza kuwa nzito, itupwe.

Hata hivyo, mhudumu wa afya anayetoa ushauri huu hana budi kuwa mkweli. Barakoa ya N95 iliyovaliwa ipasavyo hutarajiwa kupunguza vumbi mara kumi. Anayechoronga katika hewa iliyozidi kiwango mara 337 ataendelea kuvuta vumbi lililozidi kiwango zaidi ya mara 33. Barakoa ya uso mzima yenye vichujio bora hukadiriwa kupunguza mara 50, nayo bado haitoshi. Kwa maneno mengine, hakuna barakoa ya dukani inayoweza kulifanya duara kavu kuwa salama. Kifaa cha kwanza cha kununua, basi, ni mpira wa maji: maji yaelekezwe kwenye ncha ya mchorongo, mawe yaloweshwe kabla ya kupondwa, na karasha lirushiwe maji wakati wote linaposaga. Barakoa huja baada ya maji, wala haishiki nafasi yake. Maziwa, ambayo wengi hunywa kwa imani kwamba husafisha kifua, huenda tumboni, mapafuni hayafiki.

Swali la nani alipe si la pembeni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaweka wajibu wa kinga kwa mwajiri, lakini katika maduara mengi mchimbaji halipwi mshahara, bali hugawiwa viroba vya mawe. Mwenye duara husema hana wafanyakazi, ana washirika. Mpira wa maji na pampu ni vitu ambavyo mtu mmoja hawezi kuvinunua kwa mgawo wake; vinafaa kukatwa katika gharama za pamoja kabla ya mgawo, kama inavyofanyika kwa baruti na mafuta.

Barakoa pia haitengenezi hewa. Baada ya mlipuko duara hujaa gesi, ikiwemo kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu, na injini ya petroli ikishushwa chini kuvuta maji huleta gesi hiyo hiyo. N95 haiizuii hata kidogo. Kinga ni feni yenye bomba refu la kupeleka hewa safi hadi kwenye sakafu ya duara, kusubiri baada ya kulipua, na kipima gesi pale kinapopatikana. Mwenzako akianguka chini ghafla bila jeraha, usimfuate kabla hewa safi haijapelekwa. Waokoaji wa namna hiyo hufa wakiwa wamelala juu ya waliokwenda kuwaokoa.

Kuhusu kamba na kofia, wachimbaji wanaweza kujifunza kwa wapanda milima. Kamba ya kushusha mtu isiwe ile inayopandisha viroba. Kamba ya katani huoza kwa unyevu, ya nailoni hudhoofishwa na jua na maji ya betri, na fundo lolote huipunguzia nguvu kwa kiasi kikubwa. Mtu afungwe kwa mkanda wa mwili mzima unaopita mapajani na mabegani; kamba iliyofungwa kiunoni huminya tumbo na kifua cha anayening'inia, na huweza kumwua kabla hajavutwa juu. Kofia nazo hutofautiana. Kwa viwango vya Ulaya, mkanda wa kidevu wa kofia ya viwandani umetengenezwa uachie kwa nguvu inayolingana na kilo 15 hadi 25, ili mvaaji asininginizwe na kofia iliyonasa. Mkanda wa kofia ya mpanda milima hushikilia hadi kama kilo 50, ili kofia ibaki kichwani anapoporomoka. Kwa anayeshuka kwa kamba, ya pili inafaa zaidi. Iliyokwisha kupigwa na jiwe ibadilishwe, hata kama ufa hauonekani.

Mwaka 2015, huko Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kufukiwa kwa siku 41. Hakuna kofia inayozuia kifusi cha namna ile. Kazi hiyo ni ya matimba.

Zebaki inahitaji neno lake. Anayechoma dhahabu huvuta mvuke usio na rangi wala harufu, ambao hupita katika N95 kana kwamba haipo. Kichujio cha mvuke huo ni cha pekee, na kwa alama za Ulaya huwa na mistari myekundu na myeupe. Lililo bora ni ritoti, chombo cha chuma kilichofungwa ambacho hupoza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena. Uchomaji usifanyike jikoni wala karibu na mjamzito au mtoto.

Katika zahanati na vituo vya afya vya ukanda huu, swali la kazi liulizwe kwa kila mwenye kikohozi cha muda mrefu, nalo liwe mahususi: anachoronga, anasaga kwenye karasha, anaponda mawe kwa nyundo, anachoma dhahabu, au alifanya hivyo zamani? Wanawake wanaoponda mawe nyumbani husahaulika mara nyingi katika swali hili. Mgonjwa aliyekwisha kutibiwa kifua kikuu mara mbili au tatu, ambaye makohozi yake hayaoneshi vimelea na bado anabanwa pumzi, apigwe picha ya kifua na afikiriwe kuwa na silikosisi kabla ya kuanzishiwa dawa nyingine. Aelekezwe kupima VVU, kuacha sigara na kuondoka kwenye vumbi. Nguo za kazini zisikung'utwe ndani. Ziloweshwe kwanza na zifuliwe peke yake. Na akigundulika kuwa na kifua kikuu, wachunguzwe pamoja na jamaa wa nyumbani wale wote wanaoshuka naye katika duara moja.