Ulimi uliofungwa, hadi ukubwani

Swali: Mtu mzima aliyezaliwa na ulimi uliofungwa anaweza bado kutibiwa?

Jibu: Anaweza, ingawa si lazima. Utepe wa nyama ulio chini ya ulimi ukiwa mfupi, ncha hushindwa kuinuka. Mtu akiutoa ulimi nje, ncha hubonyea katikati kama kopa la karata. Wengi huzoea: "r" huitamka kwa namna yao, mabaki ya nyama kwenye magego huyatoa kwa kidole, aiskrimu huing'ata badala ya kuilamba. Asiyesumbuliwa aachwe.

Anayesumbuliwa amwone daktari wa meno au wa masikio, pua na koo. Utepe hukatwa kwa ganzi, pengine kwa nyuzi chache. Kisha hufuata mazoezi ya ulimi, maana kovu likikaza huubana tena. Matamshi ya tangu utotoni, hata hivyo, hayanyooshwi na mkasi peke yake. Mara nyingi humhitaji mtaalamu wa tiba ya usemi.