Dishi la Mota Mautuma: Tazama Juu, Si Kusini

Video nyingi za kufunga dishi la mota zimepigwa Ulaya. Huko fundi huliinamisha dishi na kulielekeza kusini. Ukimwiga ukiwa Mautuma, Kakamega, utakesha. Wewe uko kaskazini ya ikweta kwa chini ya digrii moja, kwa hiyo satelaiti zimejipanga mashariki hadi magharibi, zikipita karibu na utosi wako.

Kabla hujatoa pesa, tazama kipimo cha latitudo ubavuni mwa mota. Kama hakishuki hadi karibu na sufuri, iache dukani. Dishi la wavu lenye aktueta litakufaa zaidi, tena maji ya mvua yatapenya. La bati zima hugeuka karai. Litoboe tundu dogo chini.

Simika bomba kwa zege, ulikague kwa pima maji pande mbili.

Sasa tafuta kaskazini. Dira ikiwa karibu na chuma au mabati hudanganya, kwa hiyo tumia jua. Simamisha kijiti wima saa sita na dakika 20 mchana na utie alama penye ncha ya kivuli. Ngoja dakika 40, tia nyingine. Mstari kati ya alama hizo ni mashariki–magharibi. Mhimili wa mota uukate mstari huo mraba, ulale karibu bapa, ncha ya kaskazini ikiinuka kidogo sana.

Anza na satelaiti ya digrii 36 mashariki, inayobeba DStv. Wewe uko karibu na 35, hivyo iko juu yako hasa, mwinuko wa digrii 88 hivi. Huhitaji kulipia chochote. Unatafuta signali, si mpira. Hapa rekebisha mwinamo wa mhimili peke yake. Usiguse kingine.

Kisha nenda miisho miwili: digrii 7 mashariki, ilipo Azam, upande wako wa magharibi, na 68.5 upande wako wa mashariki. Usishtuke mota ikizunguka kama digrii 33 kuifikia ile ya 7. Hesabu ya ramani ni 28, lakini wewe umesimama juu ya uso wa dunia, si katikati yake. Kama dekoda yako ina USALS, ingiza humo latitudo na longitudo zinazoonyeshwa na simu yako, itapiga hesabu hiyo yenyewe.

Kazi yenyewe iko kwenye miisho hiyo. Sukuma ukingo wa dishi polepole huku ukitazama kipimo. Magharibi ikitaka dishi liangalie kaskazini zaidi, na mashariki ikitaka kusini, zungusha mota yote kwenye bomba, kama mishale ya saa ukitazama kutoka juu. Ikiwa kinyume, zungusha kinyume. Nusu digrii inatosha kubadilisha mambo. Miisho yote miwili ikivuta upande mmoja, acha bomba. Kosa liko kwenye mwinamo wa dishi juu ya mota. Rekebisha, halafu rudi 36 uhakikishe.

Karibu Machi 20 na Septemba 23, signali ya 36 ikikatika kwa dakika chache karibu na saa sita na nusu mchana, usishike spana. Jua limepita nyuma ya satelaiti.

Dishi likitazama juu, koneka ya LNB nayo mara nyingi hutazama mbinguni. Izungushie utepe wa mpira usiopitisha maji, na ulegeze kebo itengeneze kitanzi chini yake.

Radi za Kakamega nazo hazina mzaha. Wingu likianza kunguruma, chomoa kebo ya dishi kwenye dekoda, si waya wa umeme peke yake.