Tanga Linalokunjwa Ndani ya Mlingoti: Mwongozo kwa Mabaharia wa Mashua za Kukodi

Katika jahazi, tanga likileta shida, foromali hutuliwa na hatari hupungua papo hapo. Katika mashua ambayo tanga lake kuu hukunjwa ndani ya mlingoti, njia hiyo haipo. Tanga hilo haliwezi kutuliwa mpaka likunjuliwe lote, kwa kuwa sehemu iliyojiviringisha ndani ya mlingoti haina pa kushukia. Likikwama nusu nje, nusu ndani, upepo huendelea kulisukuma na mabaharia hawana la kuteremsha. Kwa sababu hiyo, kazi hii haifanywi kwa nguvu. Hufanywa kwa maandalizi, na kwa kusimama mapema.

Mtambo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Ndani ya mlingoti mna mhimili unaozungushwa kwa kamba ya kukunjia. Kamba ya pili huvuta pembe ya nyuma ya tanga kuelekea ncha ya boriti ya chini. Moja inapovuta, nyingine huachiwa taratibu, wala hailegezwi kabisa. Tanga likiviringishwa huku limekazwa kiasi, hukaa jembamba na kupita kwenye mwanya bila tabu. Likiviringishwa limelegea, hufanya mafundo, na mkwamo wake huonekana safari inayofuata, tanga linapotakiwa kutoka.

Kabla ya kukunja, mashua huelekezwa karibu na upepo, lakini si omo kabisa, kwa upande unaotajwa katika kitabu cha mtengenezaji. Demani hulegezwa hadi tanga lipoteze nguvu. Kishikizo kinachovuta boriti chini hufunguliwa, na waya wa nyuma wa mlingoti hulegezwa, kwani mlingoti uliopinda huubana mhimili. Pembe kati ya boriti na mlingoti hukaguliwa kila mara. Kwa kawaida inakaribia nyuzi 90. Boriti ikishuka mno, ukingo wa nyuma wa tanga hukaza na ule wa chini hulegea na kujikunja. Ikipanda mno, hali hugeuka. Alama ya rangi kwenye kamba ya kuinulia boriti huwasaidia mabaharia wote kuirudisha pale pale.

Wakati wa Kusi, tanga hupunguzwa kabla upepo haujalazimisha. Winchi ya umeme hutumiwa kwa tahadhari kubwa, kwa kuwa haihisi mkwamo na inaweza kuchana kitambaa kabla mtu hajainua kidole kwenye kitufe. Mmoja hushika kamba, mwingine hukaa mahali anapouona mwanya.

Uzito usio wa kawaida ukihisiwa, kazi husimama. Tanga likikwama wakati wa kuingia, hutolewa kidogo, kunjo linyooke, kisha hukunjwa tena likiwa limekazwa. Likikwama wakati wa kutoka, hukunjwa mizunguko michache ili mviringo ukaze, ndipo livutwe tena. Hatua hizo hurudiwa kwa subira. Mhimili usipozunguka kabisa, hukaguliwa kwanza kizuizi cha chini ya mlingoti, kisha kamba iliyojipanda kwenye winchi, kisha henza iliyokazwa au kulegea kupita kiasi. Mitambo mingi ina tundu la kuzungushia mhimili kwa mpini wa winchi. Ikishindikana, injini huwashwa, mashua huelekezwa kwenye upepo, na sehemu iliyobaki nje huzungushiwa henza ya akiba na kufungwa mlingotini. Kupanda mlingoti baharini ni hatua ya mwisho, na haifanywi bila mkanda wa usalama na kamba ya pili.

Mara nyingi chanzo cha mkwamo kipo bandarini: chumvi iliyoganda kwenye beringi, au tanga lililochakaa likawa na tumbo lisilokubali kuviringishwa. Maji baridi huondoa chumvi. Grisi hupakwa pale tu mtengenezaji anapoagiza. Tanga lenye tumbo hupelekwa kwa fundi.

Uchovu nao ni chanzo. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, unahusu vyombo vya biashara na hauhusu vyombo vya kijadi kama majahazi. Mojawapo ya viwango vyake ni mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Nahodha anayeheshimu saa hizo hulinda mikono ya watu wake.

Mamlaka ya kusema “simama” ni ya kila aliyeshika kamba, awe nahodha au baharia mgeni, na asemaye hivyo haadhibiwi. Kila mkwamo huandikwa katika daftari la chombo: upepo, pembe ya boriti, tanga lilikuwa likiingia au likitoka, na lililofanyika. Kundi linalopokea mashua hulisoma daftari hilo kabla ya kung’oa nanga.