UKIUMIA KAZINI, USINYAMAZE

Tuseme kijana wa kijiji chenu ni kibarua kwenye mashine ya kupasua mbao. Msumeno unamkata vidole viwili. Bosi anamlipia hospitali, anampa elfu tano za pole, kisha anamwambia akapumzike nyumbani. Akirudi, anakuta mtu mwingine kwenye mashine. Je, mambo yameishia hapo? Hapana. Pole ni utu, lakini fidia ni haki. Iko katika sheria ya mwaka 2007 ambayo wengi huiita WIBA.

Haya ni maswali ambayo watu huuliza.

Mimi ni kibarua, sina barua ya kazi. Je, sheria yanihusu?
Ndiyo. Mapatano ya mdomo pia ni mapatano. Lakini weka ushahidi: majina ya wenzako walioona ajali, na meseji za M-Pesa za malipo yako.

Nianzie wapi?
Mwambie mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa barua. Barua ni bora. Baki na nakala. Yeye ana siku 7 za kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Tunza kila karatasi ya hospitali. Dai lako lipelekwe kabla ya miezi 12 kwisha. Na usiweke sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa ukaielewa.

Na kama nilikosea mimi mwenyewe?
Kosa la kawaida haliondoi haki yako. Ukivunja taratibu kwa makusudi waweza kukosa fidia, isipokuwa ajali imeleta ulemavu mkubwa au kifo.

Nitalipwa nini?
Kwanza, gharama za matibabu. Pili, ukishindwa kufanya kazi siku 3 au zaidi, unalipwa mapato yako kwa muda usiozidi miezi 12. Tatu, ukibaki na kilema, hesabu hufanywa kwa mapato ya miezi 96. Kwa mfano: unapata shilingi 15,000 kwa mwezi, na daktari amepima ulemavu wa asilimia 10. Mara 96 ni shilingi 1,440,000. Asilimia 10 yake ni shilingi 144,000. Linganisha na ile elfu tano!

Niende kortini?
Anza kwa Mkurugenzi. Mahakama ya Juu ilithibitisha njia hiyo mwaka 2019. Usiporidhika na uamuzi wake, pinga kwa maandishi katika siku 60. Akikataa tena, una siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

MJADILIANE KATIKA KIKUNDI
1. Ni nani kwetu aliumia kazini akanyamaza? Je, miezi 12 imepita?
2. Kikundi kikiajiri mtu wa kuchimba kisima, nacho ni mwajiri. Udongo ukimwangukia, tumejitayarishaje? Je, tuna bima?
3. Ni nani kati yetu atamsaidia asiyejua kuandika?